Niliagwa, Sikuenda

Kanisa letu la Tawa liliniaga Jumapili. Jumatano iliyofuata, nikiwa nyumbani kwa mama nakunja nguo, barua pepe ikaingia kwenye simu. Hospitali ya Uingereza iliyokuwa imeniajiri ilisikitika kunijulisha kwamba mahitaji yake ya wauguzi yalikuwa yamebadilika, na kwa hivyo nafasi yangu imeondolewa. Ilinitakia kila la heri. Niliisoma mara tatu nikitafuta mahali nilipokosea. Hapakuwepo.

Kabla ya hapo nilikuwa nesi katika kituo kidogo cha afya cha serikali juu ya milima ya Mbooni. Tulikuwa wawili tu, mimi na mkuu wa kituo, mama mmoja mwenye goti bovu aliyekuwa amezalisha nusu ya watoto wa mlima ule. Yeye alikuwa ameandikwa kazi ya kudumu tangu zamani. Mimi nilikuwa wa mkataba. Kila mwaka mkataba uliisha, na kila mwaka nilifanya kazi miezi miwili au mitatu bila kujua kama bado nimeajiriwa. Kanisani nilisema Mungu ameniita ng'ambo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kungoja.

Nilianza na mtihani wa Kiingereza. Uuguzi nilisomea Kitui, kwa Kiingereza, miaka mitatu na zaidi. Ripoti za wagonjwa niliandika kwa Kiingereza. Bado ilibidi nithibitishe kwamba nakijua. Mara ya kwanza nilianguka sehemu ya kuandika. Nilitakiwa kumwandikia meneja wa hoteli barua ya kulalamika kuhusu chumba, na mimi sijawahi kulala hotelini. Sikujua watu huko hulalamikia nini. Nikalalamika kwamba hakukuwa na maji. Mara ya pili nilipita. Matokeo yale nayo huharibika kama maziwa. Miaka miwili ikiisha, hayana kazi.

Mahojiano yalifanywa kwa video. Kituoni mtandao ulipatikana vizuri nyuma ya tangi la maji peke yake, kwa hivyo nilikaa hapo juu ya jiwe, nimevaa sare, na simu nimeiegemeza kwenye ndoo. Mwanamke mwenye miwani akaniuliza, "Mgonjwa ameanguka kutoka kitandani na wenzako wako mapumzikoni. Utafanya nini?" Nilitaka kumwambia kwamba mwenzangu alikuwa mmoja, na kwamba siku ile alikuwa ameenda mjini kutafuta glavu. Nikajibu kama kitabu kinavyosema: niite usaidizi, nisimwinue mgonjwa kabla ya kumchunguza, niandike ripoti. Akatabasamu, akasema nimejibu vizuri sana.

Barua ya kazi ilipofika, mwanamke wa ofisi ya wakala kule Nairobi, iliyonitafutia kazi hiyo, alinipigia. "Andika barua ya kuacha kazi sasa," akasema. "Wengine wanachelewa hapo, halafu wanalia." Nikaandika siku hiyo hiyo. Mkuu wa kituo aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Enda, mwiitu wakwa," akaniambia. Msichana wangu. Ndivyo alivyoniita tangu siku ya kwanza. "Ningekuwa na goti zima, hata mimi ningeenda."

Jumapili ile ya kuagwa sitaisahau. Mbuzi walichinjwa. Akina mama wa kanisa walikuwa wameenda hadi soko la Salama kunichagulia koti la mtumba, jeusi, zito kama godoro, na wakanivalisha mbele ya watu katika jua lile. Kwaya iliimba, na mimi nilikuwa mwanakwaya, kwa hivyo nilijiimbia mwenyewe. Mchungaji aliniwekea mikono kichwani akaomba baridi ya Wazungu isiniguse. Mama alikaa mstari wa mbele. Tangu baba afariki sikuwa nimemwona ameshika kichwa juu namna ile.

Sasa ilikuwa Jumatano, na barua iko kwenye simu. Nilimwita mama kutoka jikoni nikamsomea kwa Kikamba, polepole. Akakaa kwenye kitanda juu ya nguo nilizokuwa nimekunja.

"Wamekufukuza kabla hujafika?"

"Si kufukuza, mama. Hawahitaji watu tena."

"Umewakosea nini?"

"Hakuna."

"Haiwezekani. Lazima kuna kitu." Kisha akasema jambo ambalo lilikuwa moyoni mwangu pia. "Watu wameshakula, mwiitu wakwa. Wameshaimba."

Nilimpigia yule mwanamke wa wakala. Akanihakikishia kwamba hospitali ni nyingi, atanipatia nyingine, nisubiri wiki mbili tu. Nikamwamini, kwa sababu nisingemwamini ningelazimika kutoka nje na kuwaambia watu. Mama ndiye aliyetoa shauri. Mdogo wake alikuwa Kitui mjini, ana nyumba yenye chumba cha ziada. Nikae huko wiki hizo mbili. Barua nyingine ikija, nitaondokea Kitui, na hakuna atakayejua. Nilikubali. Ningependa kusema kwamba alinilazimisha, lakini hakunilazimisha.

Wanakwaya walinisindikiza stendi Jumamosi asubuhi na sanduku langu. Walilia. Mmoja wao, mwimbaji wa sauti ya kwanza, ambaye tulisimama bega kwa bega miaka minne, alinishika uso kwa mikono miwili akasema, "Usitusahau huko." Nikapanda gari la Machakos, kama mtu anayeelekea Nairobi kupanda ndege. Nilipofika Machakos nikashuka, nikavuka barabara, nikapanda la Kitui.

Wiki mbili zikaisha. Mwanamke wa wakala akaanza kupokea simu kwa kunong'ona kwamba yuko mkutanoni, halafu akaacha kupokea kabisa. Mwezi wa pili nilitafuta kazi katika kliniki ya mtu binafsi yenye wodi ndogo ya kina mama. Mwenye kliniki aliangalia vyeti vyangu, akaniuliza mbona nimeacha kazi ya serikali. Nikamwambia mambo ya familia. Hapo tena ilikuwa mkataba, tena wa kusema kwa mdomo.

Nilivaa barakoa kila siku. Wenzangu walidhani naogopa magonjwa. Kitui si mbali na Tawa, na sokoni nilitembea nimeinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

Huko nyumbani uongo ulikuwa unakua bila mimi. Watu walimwuliza mama habari zangu, na mama, ambaye hakuwahi kunidanganya hata kuhusu sindano nilipokuwa mtoto, aliwaambia nimefika salama. Akawaambia wagonjwa wa huko ni wazee watupu. Akawaambia kuna baridi mpaka maji yanakuwa mawe. Siku moja akanipigia, sauti yake ya chini.

"Mke wa mchungaji anataka picha."

"Picha ya nini?"

"Yako. Ukiwa umevaa lile koti. Anasema akina mama wana hamu ya kuliona huko."

"Mama, siwezi."

"Sasa nimwambie nini? Niambie wewe nimwambie nini."

Nilisimama nyuma ya kliniki mchana, penye ukuta uliopakwa chokaa nyeupe. Nilivaa lile koti, nikafunga vifungo vyote mpaka shingoni, na mfanyakazi wa usafi akanipiga picha akicheka. Alidhani ni mchezo. Jasho lilinitiririka hadi viatuni. Nilitabasamu. Mama akaniambia baadaye kwamba picha ilipitishwa kanisani kutoka simu hadi simu, na mtu mmoja akasema nimekuwa mweupe.

Katika yote niliyofanya maishani, picha hiyo ndiyo inayonichoma zaidi. Ningeweza kukataa. Hakuna mtu wa Uingereza aliyeniambia niivae.

Nilikaa hivyo miezi minane. Mwezi wa tisa, asubuhi moja katikati ya juma, aliletwa mama mwenye uchungu wa kujifungua. Niliposoma jina lake kwenye kadi ya kliniki, nikalisoma tena. Ni yule mwimbaji wa sauti ya kwanza. Mume wake alikuwa amepata kazi ya ualimu Kitui, wakahamia. Zamu ile nesi nilikuwa mimi peke yangu. Nikainua barakoa hadi chini ya macho, nikaingia.

Kwa saa moja nilifanya kazi kwa ishara na maneno mafupi. Nilimpima, nikamgeuza, nikampa maji. Lakini mtoto alipokaribia huwezi kuzalisha mtu kwa ishara. Nikamwambia, "Sasa sukuma, mama. Sukuma, usiache." Akafumbua macho akaniangalia. Sauti yangu alikuwa ameisikia sikioni mwake kila Jumapili kwa miaka minne. Uchungu ulikuja, akasukuma, na mtoto akatoka, msichana, akalia mara moja.

Kisha damu ikaja, nyingi, na haikukoma. Nilimchoma dawa ya kukaza mji wa mimba, nikaita kwa sauti daktari wa kliniki aliyekuwa chumba cha mbele, na huku nasugua tumbo lake kwa nguvu zangu zote. Midomo yake ilianza kuwa ya kijivu. Barakoa ilinizuia kupumua, nikaivuta nikaitupa. Daktari akaja akatundika maji ya mshipa. Sijui ilichukua dakika ngapi. Nilihisi mji wa mimba ukikaza chini ya mkono wangu, mgumu kama ngumi, na damu ikapungua, ikaacha.

Mchana alikuwa ameketi ameegemea mto, mtoto kifuani. Nilimpelekea uji. Akapokea kikombe, akaniangalia uso wangu uliokuwa wazi.

"Kumbe Uingereza iko hapa Kitui," akasema.

Nilirekebisha shuka la mtoto.

"Tumekuombea kila Jumapili. Mimi hata huku nilipohamia nimeendelea. Nilikuwa naomba baridi isikuue." Hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Kwa nini hukutuambia?"

"Mlikuwa mmeshaimba."

Akanywa uji kidogo. "Tungeimba tena. Wimbo mwingine."

Nikamwuliza kama atasema nyumbani kwamba ameniona.

"Mimi? Umeniokoa leo, niende kukutangaza?" Akatikisa kichwa. "Sisemi. Enda ujiseme mwenyewe."

Nilienda Ijumaa. Mama alikuwa shambani anavuna pojo. Aliponiona kwenye njia, bila sanduku, mchana kweupe, aliangalia kwanza boma la jirani. Ndiyo salamu niliyopata.

"Ungengoja kidogo," akasema.

"Nimengoja, mama."

"Mimi ndiye nitabaki nao hapa. Wewe utarudi Kitui. Mimi ndiye watanipita kisimani."

Alikuwa na haki. Nikainama kando yake, tukavuna mistari miwili pamoja. Jumapili hakuja kanisani. Alisema kichwa kinamuuma. Wakati wa ushuhuda nilisimama nikasema yote: barua, Machakos, Kitui, picha. Sikusema kwamba mama alijua, nilisema mimi ndiye niliyemdanganya yeye pia. Hakuna aliyenizomea. Hakuna aliyesema amina. Mchungaji akasafisha koo akasema tuombe, na akaombea wagonjwa, na mvua, na vijana wanaotafuta kazi. Nje walinisalimia kwa mkono, mmoja mmoja, kwa adabu ile watu hutumia matangani.

Jumatatu nilipanda bodaboda hadi kituoni. Njiani nilikuwa nimejipangia maneno ya kuomba kurudi. Nilimkuta mkuu wa kituo anahesabu chupa za chanjo kwenye jokofu, goti lake limefungwa bendeji. Alinikumbatia. Nikamwuliza nani alichukua nafasi yangu.

"Hakuna," akasema. "Ulipoondoka waliifunga. Mkataba uliisha na wewe."

"Kwa hivyo uko peke yako?"

"Nani mwingine?" Akarudi kwenye chupa zake. "Siku ambazo siwezi kupanda hapa, wanaojifungua wanateremka hadi Tawa. Mwezi wa nne tangu uondoke, mmoja alizalia njiani, pale kwenye kona ya mawe. Mtoto hakuishi."

Hakuniambia hivyo ili kuniumiza. Alikuwa anajibu swali. Wakati mtoto yule anazaliwa kwenye kona ya mawe, mimi nilikuwa mwendo wa saa chache kutoka hapo, kijana, mwenye magoti mawili mazima, nimejificha nyuma ya barakoa kwa sababu ya aibu. Watu huniambia si kosa langu. Hospitali ile ya ng'ambo nayo itasema si kosa lake, mahitaji yalibadilika tu. Wenye kufunga nafasi watasema bajeti. Kila mtu ana barua yake.

Nilimsaidia kumaliza kuhesabu. Tukakuta kinamama sita kwenye benchi nje na watoto wao wa chanjo, na kwa kuwa nilikuwapo, nikanawa mikono, nikamwita wa kwanza.