Damu Iliyosubiri Foleni

Mashine ya kuzungushia damu ina matundu ishirini na manne, na kwa miaka tisa, tangu ile iliyoitangulia, haikuwahi kuwashwa kabla matundu yote hayajajaa. Huo ulikuwa mwiko wa mwanamke anayeiendesha, mtaalamu wa maabara mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, ambaye hospitali nzima, kuanzia mlinzi wa getini hadi mganga mkuu, inamwita Mama Foleni.

Jina alilipata kwa haki. Watu wanaofika chumbani kwake, ghorofa ya tatu, huketi kwenye benchi kwa mpangilio wa kufika, na vichupa vya damu yao hukaa kwenye reki, kibao chenye matundu idadi ileile ya mashine, kwa mpangilio uleule. Anayechomwa sindano wa kwanza huingia tundu la kwanza. Anayejaribu kujipenyeza, hata akiwa na cheo, hurudishwa mwisho kwa sauti ya upole ambayo wafanyakazi wenzake wanasema ni afadhali kufokewa.

Mwiko wa kusubiri matundu yajae ulikuwa na chanzo chake. Mashine ya zamani ilikuwa na mota dhaifu, na fundi aliyeikagua alishauri iwashwe mara chache iwezekanavyo. Mashine hiyo ilikufa, ikaletwa mpya, lakini hakuna aliyekumbuka kuufuta ule ushauri. Kila mwajiriwa aliyepita pale alifundishwa: reki ijae kwanza.

Miaka mitatu iliyopita chumba hicho kiliongezewa kazi. Kilianza kukusanya damu ya watu wazima wenye afya kwa ajili ya utafiti wa metabolomiki, yaani kupima kwa pamoja kemikali ndogondogo ambazo mwili huzitengeneza na kuzitumia kila dakika: sukari, asidi, mafuta na mamia ya nyingine. Vichupa viligandishwa kwenye friza, kisha vikapelekwa chuo kikuu kupimwa kwa mtambo mkubwa. Maabara nyingine mbili mjini zilifanya vivyo hivyo, na nia ilikuwa kuunganisha matokeo yote katika hazina moja ambayo mtafiti yeyote angeweza kuitumia.

Kuunganisha ndiko kulikokuwa na shughuli. Maabara moja iliandika tarehe kuanzia siku, nyingine kuanzia mwaka. Moja ilipima sukari kwa miligramu, mbili kwa milimoli. Moja ilimwandika mwanamke kwa herufi K, nyingine kwa namba 2, na ya tatu iliacha nafasi wazi, ikiamini kwamba jina la mtu linatosha kumtambulisha. Ikaundwa kamati ya kuweka viwango vya pamoja vya data, na katibu wake akawa mtaalamu wa kompyuta wa chuo, ambaye pia ni dada mdogo wa mume wa Mama Foleni.

Kwa hiyo mambo ya kamati yalijadiliwa zaidi kwenye meza ya chakula kuliko kwenye kamati. Wifi hao wawili wanapendana na hawaachani na utani. Mdogo alileta fomu ya maswali arobaini na moja ambayo kila kichupa kilipaswa kuyajibu. Mkubwa aliisoma yote akiwa amesimama, akasema kichupa hicho kinaombewa viza. Mume, fundi wa cherehani, aliomba tu kwamba neno damu lisitajwe hadi watu wamalize kula.

Fomu ilipita baada ya vikao saba. Vitatu kati ya hivyo viliishia kwenye ubishi wa namna ya kuandika tarehe.

Kisha, Jumatatu moja mchana, wifi mdogo alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu akiwa na kompyuta kifuani na uso usio na utani. Data za maabara tatu zilikuwa zimewekwa kwenye jedwali moja kwa mara ya kwanza, na watu wa Mama Foleni walikuwa wa ajabu. Sukari yao ilikuwa chini kuliko ya wenzao, na asidi ya laktiki, ile inayoongezeka mwilini mtu anapokimbia, ilikuwa juu. Mwenyekiti wa kamati, profesa mmoja mpole anayependa nadharia, alikuwa na maelezo tayari: lifti ya jengo lile ni mbovu, watu wamepanda ngazi. Mama Foleni alijibu kwamba watu wake hukaa kwenye benchi nusu saa nzima kabla ya kuchomwa, na asiyepoa kwa nusu saa amelazwa wodini, hayupo kwenye utafiti.

Profesa hakuwa na ugomvi na mtu. Ila kama hakuna maelezo bora, alisema wifi, Alhamisi kamati itaziondoa sampuli zote za maabara hii kwenye hazina. Ni sampuli elfu moja na themanini. Ni miaka mitatu ya kazi.

Akafungua kompyuta. Alikuwa amechora asidi ya kila mtu kwa kufuata namba za sampuli, na mchoro ulitoka kama msumeno: mstari ulianza juu, ukateremka taratibu, ukaruka juu tena, ukateremka tena. Yeye alidhani ni hitilafu ya mtambo wa chuo. Mama Foleni aliweka kidole kwenye kioo akahesabu nukta za jino moja. Zilikuwa ishirini na nne. Akahesabu za jino la pili. Ishirini na nne. Meno yote yalikuwa arobaini na matano, idadi ileile ya reki alizojaza kwa utafiti huo.

Alimwambia wifi yake aache mchoro, arudi kesho asubuhi, na avae nguo yenye mikono mifupi.

Kesho yake wifi mdogo alipoona sindano ndipo alipoelewa sababu ya mikono mifupi. Mwanamke huyu ameshughulikia namba za damu za watu zaidi ya elfu tatu, na hajawahi kuangalia damu bila kukaa chini.

"Wifi, mimi nasoma damu. Sitoi damu," alisema.

"Mishipa yote hii unairingia ya nini? Kaa."

"Kaka yangu anajua unachonifanyia?"

"Ndiye aliyesema una nafasi leo."

Vikatoka vichupa sita kutoka mkono mmoja, kwa dakika moja, mtoaji akiwa amefumba macho na kusimulia historia ya tarehe na vikao vyake vitatu. Kichupa cha kwanza kilizungushwa papo hapo. Vingine viliachwa kwenye reki, kila kimoja kikazungushwa dakika kumi na tano baada ya mwenzake. Alasiri majibu ya kipimo cha kawaida yalikuwa mezani. Damu ya mtu yuleyule, ya mkono uleule, ilikuwa na sukari 5.1 ilipozungushwa mara moja, na 4.7 iliposubiri dakika sabini na tano. Asidi ilitoka 1.1 ikafika 1.8. Wifi alikuwa ameketi muda wote huo akinywa soda. Hakupanda hata ngazi moja.

Mama Foleni akamweleza polepole. Damu ikishatoka mwilini haijui kwamba imetoka. Chembe zake zinaendelea kula sukari na kutoa asidi mpaka mashine izitenganishe na maji yake. Kila mtu huchukua kama dakika tatu kuchomwa, na mashine haiwashwi mpaka wa ishirini na nne amalize. Kichupa cha tundu la kwanza kilikuwa kinasubiri saa moja na zaidi, na cha mwisho dakika tatu. Hawakuwa watu wa ajabu. Ilikuwa damu iliyosubiri foleni.

"Na aliyeamua isubiri ni nani?" wifi aliuliza, ingawa alikwishajua.

"Ni mimi."

Wifi akatoa njia. Mashine ilikuwa ya miaka minne, na ingeweza kuandikwa kwamba iliharibika. Mashine haina mshahara wala aibu. Mama Foleni aliikataa njia hiyo kwa sababu mbili, na alizitaja zote. Kwanza, mashine ikiandikwa mbovu, sampuli zote zinaondoka, hata zile zilizosubiri dakika tatu. Pili, mashine hiyo ni nzima.

Usiku huo mume alimkuta amepanga sakafuni madaftari ya shule kumi na tisa. Kwa miaka yote, bila kuombwa na mtu, ameandika kwenye daftari saa ya kila sindano, namba ya tundu na saa mashine ilipowashwa. Fomu ya maswali arobaini na moja haikuwa na mahali pa kuyaweka hayo. Iliuliza aina ya kifuniko cha kichupa. Haikuuliza damu ilisubiri muda gani.

Alhamisi aliingia kikaoni na madaftari kwenye mfuko wa sokoni. Aliomba kusema kabla ya ajenda, na alisema kwa dakika nne, akiwa amesimama, bila kuzunguka: asidi imetokana na kusubiri, kusubiri kumetokana na mwiko, na mwiko ni wake. Wifi alionyesha msumeno, kisha vichupa sita. Alipoulizwa damu hiyo ni ya nani, alisema ni ya mtu mwenye afya nzuri aliyejitolea kwa moyo wote.

Mtaalamu wa maabara ya pili, bwana mrefu mwembamba anayeitwa Rula, alicheka chini chini. Alisema miaka tisa ni mingi kwa mtu kungoja reki.

"Kwenu inasubiri dakika ngapi?" Mama Foleni alimuuliza, kwa ile sauti yake ya upole.

Rula alisema si nyingi. Aliulizwa si nyingi ni ngapi. Akasema huwa wanawahi, isipokuwa siku ambazo hawawahi. Mtaalamu wa maabara ya tatu alijishughulisha na kalamu yake kabla swali halijamfikia. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameandika.

Profesa alivua miwani. Kwa mtu aliyepoteza nadharia yake ya ngazi mbele za watu, alionekana mwenye furaha isiyo ya kawaida. Maabara pekee iliyokiri kosa, alisema, ndiyo pekee inayojua ukubwa wa kosa lake. Kikao kiliamua hivi: sampuli mia nne na hamsini ambazo, kwa ushahidi wa madaftari, hazikusubiri zaidi ya nusu saa zitaingia kwenye hazina kama zilivyo. Mia sita na thelathini zilizobaki zitaingia na dakika zake zikiwa zimeandikwa pembeni, kwa kuwa zipo kemikali nyingi zisizojali kusubiri. Hakuna kichupa kitakachotupwa. Za maabara nyingine mbili zitawekwa kando kwanza, hadi wenyewe waeleze.

Likabaki swali la arobaini na mbili la fomu. Profesa alipendekeza liandikwe "muda wa kabla ya uchakataji". Mama Foleni alisema kila mtu atalijibu anavyopenda, kama walivyojibu tarehe. Akalitamka la kwake, na wifi akaliandika neno kwa neno: "Ni dakika ngapi tangu sindano ilipotoka mkononi mpaka mashine ilipoanza kuzunguka?"

Jumatatu iliyofuata mtu wa kwanza alipotoa damu, Mama Foleni aliweka kichupa chake tundu la kwanza, akaweka kichupa cha maji tundu la upande wa pili ili mashine isiyumbe, akawasha. Mwajiriwa mpya alimkumbusha kwa adabu kwamba bado matundu ishirini na mawili. Alimjibu kwamba mwiko umebadilika, na kwamba aliyeubadilisha ana mamlaka hayo.

Saa nne Rula alipiga simu. Aliuliza daftari la Mama Foleni lina safu ngapi, na ile ya saa ya sindano inakaa kushoto au kulia.