Ulinganifu Uliovunjika kwa Shikamoo

Siku yangu ya kwanza kazini, Masasi, mkuu wa shule alinikabidhi boksi la chaki. "Fizikia hapa ni chaki na mdomo, mwalimu," akasema. "Vifaa vingine utavikuta kitabuni." Hakuwa anatania. Nilifundisha hivyo hadi nilipohamishiwa Newala, kidato cha tano na cha sita, ambako angalau palikuwa na sumaku.

Wanafunzi wakimaliza muhtasari mapema, niliwasogeza hadi kwenye nadharia ya uga ya kwanta, inayosema kila chembe ni mtikisiko wa uga ulioenea kila mahali. Ukigeuza kitu na sheria zake zisibadilike, huo ndio ulinganifu. Sasa, sheria zinaweza zisipendelee upande wowote, lakini kitu chenyewe kikitulia kikaangukia upande mmoja. Hapo tunasema ulinganifu umevunjika.

Mfano niliutoa kwetu Mkunya. Wanawake waliochezwa unyago pamoja ni sawa, hawaamkiani shikamoo. Lakini siku mmoja akiitamka na mwenzake akaitikia marahaba, basi, imekwisha. Mmoja yuko juu, mwingine yuko chini, na watu wote watawachukulia hivyo.

Kuna pia anomalia, ambayo wengi huichanganya na kuvunjika huko. Hapo hakuna kilichoangukia upande. Ulinganifu unaonekana mzima katika hesabu za kawaida, ila ukiingiza mitikisiko ya kikwanta, unapotea. Chembe iitwayo pioni, kwa hesabu zile, isingegeuka mwanga upesi vile, nayo inageuka. Niliwarudia somo hili mpaka wakanichoka.

Ikaja enzi ya ruksa. Maduka yakajaa bidhaa, na wazazi waliouza korosho wakataka watoto wasome biashara. Mkuu wetu wa pale Newala, mtu wa haraka haraka, akaniita ofisini.

"Mama Hawa, siku hizi soko ndilo linaloamua. Mchepuo wako wa fizikia una watoto wachache mno. Mkaguzi wa kanda anakuja. Akisema ufungwe, tunafunga."

Watoto wale wangeachwa njia panda, shule nyingine yenye mchepuo ule ikiwa mbali na wazazi hawana nauli. Nilikosa raha kabisa.

Mkaguzi mwenyewe alikuwa Asumini, mwenzangu wa unyago. Tulifundwa kwenye mkeka mmoja. Aliposhuka garini, walimu tulikuwa tumejipanga mstari.

"Mwamkie vizuri, mama," mkuu akaninong'oneza. "Usituletee mambo ya kwenu."

Asumini akafika mbele yangu, akasimama. Alikuwa anangoja. Nilimjua tangu utotoni, nikajua anangoja nini.

"Shikamoo, Mama Mkaguzi."

"Marahaba, mwalimu."

Niliumia, sitaficha. Darasani alikaa nyuma, nami nikafundisha kwa sumaku. Kijana mmoja mjuaji akanyoosha mkono: "Mwalimu, ule mfano wa unyago je?" Nikamwambia leo tunatumia sumaku, akae chini.

Asumini akauliza, "Ulinganifu ukishavunjika, unarudi?"

"Unarudi, mama. Sumaku ikipashwa joto sana, inasahau upande wake."

"Na ikipoa?"

"Inachagua tena. Inaweza kuchagua upande mwingine."

Akatikisa kichwa kukubali. Mchepuo ukabaki. Wanafunzi wangu wakamaliza kidato cha sita, na wengine wao leo ndio wanaowafundisha ninyi vijana. Nikiulizwa kama ningeitamka tena shikamoo ile, ningeitamka. Sikuwa na kingine cha kutoa.

Nimestaafu sasa, nalima mihogo yangu, na kazi yangu siijutii. Kinachonikereketa ni Asumini. Baada ya siku ile hakuja tena kwangu kula, wala mimi sikwenda kwake. Majuzi tulikutana Ndanda hospitali, wote magoti yametuchosha, wote wastaafu, hakuna mkubwa wala mdogo. Nikajisemea, leo ndiyo leo.

"Asumini," nikamwita, kama tulivyoitana mkekani. "Habari za siku nyingi, mwenzangu?"

Alinitazama, wala hakukasirika. Aliningoja tu, kama siku ile ya ukaguzi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, Mama Hawa," akajibu, akasogea kwenye benchi nipate pa kukaa.