Mchezo wa Taa

Kufuma kwa Bi Uzi kulikuwa kazi ya watu wawili, na hofu ilipoingia nyumbani mwake ilipitia huko huko. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona ameketi mikono mitupu. Mchana alikunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, mamia kwa mamia, yote meupe, na jioni alitamani kushika kitu chenye rangi. Akishaosha vyombo hutoa kikapu chake, sindano mbili ndefu na bonge la uzi wa sufu. Mumewe naye huvuta kiti karibu na dirisha, huweka karatasi ya maelekezo gotini na kumsomea.

"Safu ya tisa. Vitanzi vitatu mbele, vuka viwili, vitatu nyuma."

"Ngoja. Vitatu nyuma. Haya, endelea."

Wengine wanaambiana maneno matamu, hawa waliambiana vitanzi, na ndoa yao ilikuwa imewatosha. Mumewe alikuwa dereva wa basi la shule, mtu mnene mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Watoto walimwita Kapteni, na mkewe akamwita hivyo hivyo kila alipotaka kumchokoza. Alikuwa na miaka ishirini na sita barabarani bila kukwaruza hata ukuta. Cheti cha shule kilichosema hivyo kilitundikwa sebuleni, juu kuliko picha ya harusi, jambo ambalo Bi Uzi hakulisahau wala hakulisamehe.

Sasa binti yao, aliyeolewa mbali, alikuwa na mimba ya miezi saba. Alimtumia mama yake karatasi mpya, ya kisweta cha mtoto mchanga chenye urembo wa majani mbele. Bi Uzi alinunua uzi wa kijani, akampa mumewe karatasi, wakaanza.

Jioni ya sita aliinyoosha kazi yake mapajani akaona misuko. Si majani, misuko! Ile ile ya sweta alizokwisha kuwafumia mumewe, binti na mkwe kwa karatasi ya zamani. Alicheka, akasema uzee sasa umemwingia hadi vidoleni. Kapteni alipokwenda kuoga, Bi Uzi aliichukua karatasi mpya aisome mwenyewe, polepole, toka juu hadi chini. Neno "vuka" halikuwamo hata mara moja.

Kumbe mumewe alikuwa hasomi. Alikuwa anakariri ile ya zamani.

Kesho yake alifanya jambo ambalo mke mwema hamfanyii mumewe: alimtega. Alifumua kile kisweta ili waanze upya, akampa karatasi ameigeuza, upande wenye tangazo la sabuni tu, picha ya mwanamke aliyejaa povu hadi kwenye viwiko. Kapteni aliiinua kwenye mwanga, akakohoa kidogo kusafisha koo.

"Safu ya kwanza," alisema. "Vitanzi viwili mbele, viwili nyuma, mpaka mwisho."

Bi Uzi aliendelea kufuma, kwa maana hakujua mikono ingefanya nini kama ingesimama. Mambo ya miezi mingi yakaanza kumjia, moja likimvuta jingine. Kapteni siku hizi alipomimina chai alitia kidole ukingoni mwa kikombe. Alilalamika kwamba balbu za siku hizi hazina nguvu. Wiki iliyopita alimpita mpwa wake sokoni bila salamu, na mpwa akanuna, ikasemwa kwamba mjomba ameanza kuringa. Na asubuhi, saa kumi na mbili kamili, mtu huyu angepanda basi na kubeba watoto arobaini.

"Kapteni," alisema Bi Uzi, "kwa nini usiende kupima macho? Pale hospitali tunapimiwa bure."

"Macho yangu? Namwona nzi akipiga mswaki juu ya mnara!" Akacheka kile kicheko chake. Halafu kicheko kikakatika ghafla, naye akakunja karatasi mara nne, kwa uangalifu, pasipo haja. "Mke wangu, nimebakiza miaka miwili nistaafu. Miwili tu. Usinitafutie ugonjwa."

Hapo ndipo angepaswa kusema, na hakusema. Tusimpake rangi: aliogopa. Aliogopa kumvunja mtu ambaye fahari yake yote ilikuwa ule usukani. Mume kipofu angemtunza, ng'ombe haelemewi na nunduye. Lakini mume aliyeua mtoto wa mwenzake, huyo angemtunzaje? Wazo hilo lilimkaa kifuani mpaka kulipokucha.

Asubuhi alimwambia atapanda basi la shule, eti hospitali iko njiani.

"Leo umekuwa mwanafunzi?" Kapteni alisema. "Sare yako iko wapi?"

Bi Uzi aliketi kiti cha nyuma ya dereva. Alijiambia kuwa pengine ni miwani tu, kusoma ni jambo moja na barabara ni jingine. Wazee wangapi hawaoni sindano lakini wanaona mlima? Na kweli, mitaa ya kwanza Kapteni aliendesha vizuri, taratibu, akakata kona kama mtu anayetembea chumbani mwake. Bi Uzi alianza kupumua.

Walipokaribia njia panda, Kapteni alipaza sauti: "Taaa!"

"Nyekunduuu!" watoto wote walijibu.

Basi likasimama.

"Mbele kuna nini?"

"Baiskeliii!"

"Upande gani?"

"Kushotooo!"

"Haya, taa?"

"Kijaniii!"

Watoto waliruka vitini kwa raha. Mwangalizi wao, mwanamama mwenye sauti ya kengele aliyesimama mlangoni, alimwinamia Bi Uzi akiwa amejaa fahari.

"Ni mchezo wa mumeo huo, dada. Kauanzisha mwaka jana. Mwalimu mkuu kamsifu mbele ya wazazi, kasema watoto wetu wanaijua barabara kuliko watu wazima."

Mwaka jana! Vinywa vyote vile vilikuwa vikicheka na kumwonyesha njia mtu aliyewabeba, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba huo haukuwa mchezo. Bi Uzi alitazama shingo ya mumewe. Ilikuwa imelowa jasho, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Akaelewa kwamba naye anaogopa, kwamba amekuwa akiogopa kila siku ya Mungu, saa kumi na mbili na tena saa tisa, kisha anarudi nyumbani na kucheka.

Alijiambia atasema kituo kinachofuata. Kituo kilipofika alijiambia kinachofuata. Mficha maradhi kilio humuumbua, na yeye alijua vizuri kwamba sasa wanaoficha ni wawili.

Kituo cha nne kilikuwa mbele ya duka la vitabu. Watoto watatu walipanda, mwangalizi akawahesabu, akafunga mlango. Wakati huo huo mbwa mmoja alitokea nyuma ya basi amebeba ndala ya mtu mdomoni, na mwenye ndala akimfuata kwa mguu mmoja mtupu. Watoto wakapiga yowe la furaha, wakakimbilia dirisha la nyuma, na mwangalizi naye akaenda kuwakemea huku akicheka.

"Mbele kuna nini?" Kapteni aliuliza.

Hakujibiwa. Wote walikuwa kwa mbwa.

Kwa Kapteni, kimya kilikuwa na maana ya njia nyeupe. Aliingiza gia. Na mbele yake, peupe kabisa, msichana mdogo mwenye sweta jekundu alikuwa akivuka kuliwahi basi, mkoba unamrukaruka mgongoni, mkono ameuinua kumpungia dereva. Kapteni alimtazama usoni. Basi likaanza kwenda.

"Simama!" Bi Uzi alipiga kelele ambayo hakujua kwamba anayo. "Simama! Mtoto!"

Basi lilifunga breki. Watoto waliangukiana. Msichana alisimama ameganda, mkono ungali juu, na kati ya kifua chake na chuma cha basi pasingepita hata daftari.

"Mtoto yuko wapi?" Kapteni aliuliza kwa sauti ndogo, akiwa bado ameelekea mbele. "Niambie, yuko wapi? Nimemgusa?"

"Hujamgusa," Bi Uzi alisema. "Zima gari, baba. Zima. Imetosha."

Akazima. Mwangalizi alishuka mbio, akambeba msichana, ambaye sasa ndipo alianza kulia. Kapteni alichomoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha mkewe na kumkunja kidole kimoja kimoja.

"Katikati pameingia wingu," alisema. "Pembeni naona. Nilidhani pembeni patanitosha hiyo miaka miwili."

Mwangalizi alikuwa akipiga simu shuleni waletewe dereva mwingine. Bi Uzi alitangulia kushuka. Aligeuka kumngoja mumewe. Kapteni alishuka akipapasa kila ngazi kwa ncha ya kiatu, akafika chini, akasimama. Akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto, na uso wake mnene ulikuwa umejaa woga wa mtoto aliyepotea.

"Mke wangu," aliita, "mbona umeniacha? Uko wapi?"

Mkewe alikuwa hatua mbili mbele yake, wametazamana. Bi Uzi akaenda, akamshika mkono.