Kosa Nililokataa Kusomewa

Sitaki pole ya mtu. Niliyataka mwenyewe.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Mbinga. Nilisoma miezi mitatu Songea, nikarudi profesa. Niliandika skripti, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, ya kuchapa vyeti vya Kipaimara. Kwenye kompyuta yangu ilitiririka kama maji. Nikaituma kwa Sista Benigna, katibu wa parokia moja kule Mbamba Bay, ziwani. Akapiga simu kwamba inagoma.

"Inasema haioni folda ya..."

"Sista, usinisomee. Umebonyeza vibaya. Rudia."

Alipiga mara tatu, na mara zote nilimkatiza. Kijiweni nikatangaza kwamba watu wa ziwani waachiwe dagaa wao wa usipa na nyavu, kompyuta watuachie sisi. Zikiwa zimebaki siku mbili askofu afike, nikateremka Mbamba Bay kuwafundisha.

Ofisini niliwakuta Paroko, katekista na wazazi wamejaa. Nikavuta kiti, nikabonyeza kwa madaha. Ikagoma. Nikabonyeza tena, ikagoma. Nikawaeleza, kwa sauti ya mwalimu, kwamba mashine yao imeingiwa na unyevunyevu wa ziwa.

Sista akavaa miwani, akainama kwenye kioo, akasoma lile kosa alilotaka kunisomea tangu mwanzo.

"Majina ya watoto yako kwenye folda ya parokia. Hii inayatafuta kwenye folda ya Osmundi. Humu hatuna Osmundi."

Akanigeukia.

"Kaka, Osmundi si ndiye wewe?"