Nilimzika Mutiso kwa Mdomo Wangu

Wacha niseme mapema, kabla hujaanza kunihurumia: kosa ni langu, na hakuna mtu alinishika koo. Nyumbani waliniita Redio tangu nikiwa mdogo, na nilikuwa najivunia hilo jina. Mjinga mimi!

Naandika hapa kwa sababu kila niliyemwambia ukweli amekataa kuuamini. Labda wewe usiyenijua utaniamini.

Kazi yangu ni kutembeza wageni. Si mbugani kwa simba, hapana. Huku kwetu Athi River kuna ukuta mrefu wa godauni la zamani, umepita katikati ya mitaa miwili. Upande mmoja tunauita Juu, upande wa pili Chini. Wakati wa ile fujo ya baada ya uchaguzi, nikiwa bado msichana wa shule, mtu wa Juu hakushuka Chini na wa Chini hakupanda Juu. Majirani waliokuwa wakiombana chumvi walichomeana nyumba. Na kwa huo ukuta watu waliandika matusi, pamoja na majina ya waliotakiwa kuhama.

Miaka ikapita. Vijana wa pande zote mbili wakachanga, wakanunua rangi, wakafunika yale matusi kwa picha. Kuna sanduku la kura kubwa lenye mlango kama wa nyumba, na watu wanatoka ndani wakiwa na magodoro kichwani. Kuna wanawake wawili wanakoroga sufuria moja, kila mmoja na mwiko wake. Wanafunzi wa vyuo huja kuziona, watu wa makanisa pia, na wazungu mara moja moja. Mimi ndiye nawatembeza kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho, nikieleza.

Picha ya mwisho ni ya Mutiso. Hilo si jina lake. Jina lake halisi nimelitumia vibaya vya kutosha.

Mutiso alikuwa kijana wa Ekalakala aliyekuja kutafuta kazi ya kiwanda, akapanga chumba Juu. Katikati ya ile fujo maji yakaisha huko Juu, naye akachukua jerikeni akashuka Chini kwa bomba. Jerikeni ilipatikana barabarani, imejaa, imefungwa kifuniko vizuri. Yeye hajaonekana hadi leo. Hadithi yote ni hiyo, na hakuna mtu anajua zaidi ya hapo.

Mchoraji, mmoja wa wale vijana, alimchora ameshika jerikeni, amegeuza shingo kama mtu aliyeitwa jina. Mbele yake aliacha saruji tupu, hata tone la rangi hakuna.

Sasa, wageni wakifika hapo huuliza swali lile lile: "Na ikawaje?"

Kwa muda mrefu nilijibu, "Hajulikani aliko." Mmoja anatoa simu, mwingine ananiuliza choo kiko wapi. Aiya! Iliniuma, nisikudanganye. Nimewatembeza na jua lote hilo, nimewachekesha, nimewahuzunisha, halafu mwisho unakuwa baridi kama chai iliyosahaulika mezani.

Siku moja likaja kundi la wanafunzi. Msichana mmoja aliyesimama mbele kabisa alikuwa na machozi tayari. Akauliza, "Na ikawaje?" Nikayaangalia yale macho, na mdomo wangu ukaondoka bila mimi.

Nikasema kuna mama mmoja wa Chini alimkuta asubuhi, ameshakufa. Nikasema huyo mama alikuwa ameapa kutowasalimia watu wa Juu, lakini alivua leso yake akamfunika. Nikasema yeye na mabinti zake walimpandisha kwenye mkokoteni, wakamsukuma hadi machimbo ya mawe, wakamzika chini ya mgunga ulio peke yake, wakamwombea kwa lugha ambayo Mutiso hakuijua.

Nikasema! Hakuna mama kama huyo. Hakuna leso. Mkokoteni niliutoa wapi hata sijui.

Watu walilia. Mwalimu wao alivua miwani akajifuta. Hakuna aliyeuliza choo. Mwili wote ulinisisimka, nikajiona mtu wa maana kabisa, na kundi lililofuata nikalisimulia vile vile. Kisha nikaanza kuipamba. Leso ikapata rangi, yule mama na mabinti zake wakapata majina.

Mchoraji alipita siku moja akanisikia. Aliningoja hadi wageni wakaondoka, akaniuliza, "Hayo umeyatoa wapi?"

"Ni ya kunogesha tu," nikamwambia, nikicheka.

"Mimi niliacha hapo mbele tupu kwa sababu hatujui," akasema. "Wewe umemzika mtu na mdomo."

Nilimwona mtu wa wivu. Nikamwambia arudi kwa rangi zake aniachie maneno yangu. Ningemsikia! Ningemsikia siku hiyo, leo ningekuwa nalala usingizi.

Kumbe mwanafunzi mmoja alinirekodi. Video ikatoka simu hii ikaenda ile, ikaingia kwenye magrupu ya makanisa, ikapanda mpaka Ekalakala.

Nilikuwa mbele ya ukuta na wageni, tumefika kwa ile picha ya sufuria, nikaona mama mmoja amesimama kando. Mwembamba, kitambaa kichwani, viatu vya plastiki vimejaa vumbi, kiondo mkononi. Nikadhani anauza kitu. Alitungoja hadi picha ya mwisho. Akapita katikati ya wageni, akaweka kiganja kwenye uso wa Mutiso, pale ukutani, kama mtu anayepima mtoto homa. Halafu akanigeukia.

"Ni wewe ulisema kwa simu mahali mtoto wangu amelala?"

Ngai wakwa, Mungu wangu! Mimi sikuwahi kufikiri kwamba Mutiso ana mama. Yaani nilijua anaye, kila mtu anaye, lakini kichwani mwangu alikuwa mtu wa ukutani tu.

Akafungua kiondo. Ndani kulikuwa na shuka mpya, nyeupe, bado imekunjwa vile ilitoka dukani.

"Nimekuja nayo," akasema. "Nimemngoja sana. Kila Krismasi namwekea chakula chake. Hospitali zote nimeuliza, jela nimeuliza, watu wananiambia mama, nyamaza sasa, nami sijanyamaza. Hata akiwa ni mifupa, nitaichukua. Nipeleke, mwana wakwa."

Wageni wote wananiangalia. Wengine wameshaanza kulia. Nilifungua mdomo niseme, mwaitu, mama yangu, nisamehe, nilidanganya. Naapa hayo maneno yalifika hapa kwenye meno. Ule mdomo mpumbavu ukasema, "Twende."

Uwongo wa kwanza niliwadanganya watu wasiomjua. Huu wa pili nilimdanganya mama mzazi, mchana kweupe, nikiwa nimemshika mkono asije akaanguka kwenye mawe.

Kufika machimboni nikakuta migunga iko mingi, na mimi nilikuwa nimesema mmoja. Akauliza, "Ni upi?" Nikanyoosha kidole. Mti wowote tu! Mama akapiga magoti, akaita jina la mtoto wake polepole, akamsalimia kama mtu aliyetoka safari. Akataka kuchimba. Nikamwambia ardhi hapa imehama na mvua, hutapata kitu, chukua udongo. Unaona? Uwongo haukunikosa hata hapo.

Akajaza udongo katika ile shuka kwa mikono yake, akaifunga mafundo. Akanishukuru. "Ni muvea, mwana wakwa. Leo umenipa mtoto."

Waliuzika ule udongo Ekalakala, kando ya kaburi la baba yake. Nilialikwa. Na nilienda! Katekista akaniita mbele nishuhudie, nikashuhudia. Nikala muthokoi yao ya mahindi, nikala nyama yao, wakanifungia na ndizi za kubeba. Nilipokuwa naondoka nikaona mama anagawa nguo za Mutiso kwa vijana wa jirani. Shati moja la mistari lilikuwa na vifungo vipya. Miaka yote hiyo alikuwa akilishona na kulipiga pasi ili mwenyewe akirudi alikute sawa.

Hapo ndipo wazo liliniingia na halijatoka: na kama yuko hai? Mtu mmoja tu duniani ndiye alikuwa bado anamtafuta. Nami nimemwambia aache.

Ungedhani nilikoma hapo, nikaenda kusema. Sikwenda. Nilijiambia mama ana amani, nimwache na amani yake. Ni uoga tu, niliupaka sukari.

Kisha mwenye machimbo akataka kupanua. Mashine zikaletwa, miti ikaanza kung'olewa. Mama akasikia. Akapanda gari kutoka Ekalakala, akaja akaketi chini ya ule mgunga na kiondo chake, akasema uliokwenda nyumbani ni udongo tu, mifupa ya mtoto wake bado iko hapa na haitachimbwa. Wafanyakazi wakamsihi, akakataa. Mwenye mahali akamfokea, mama akamwangalia tu. Watu wa Juu na wa Chini, wale wale waliochomeana nyumba, wakaungana nyuma yake. Wakaimba. Wakaandika kwenye mabango jina la yule mama wa leso, jina nililolitunga mimi nikiwa nimeshika chupa ya maji mbele ya wageni!

Chifu akaitisha mkutano pale pale. Nikaitwa, si mimi ndiye shahidi? Mama alikuwa mbele, mchoraji alikuwa nyuma kabisa amekunja mikono. Chifu akaniuliza, "Ni kweli hapa kuna mtu?"

Nikasema, "Hapana."

Nikasema yote. Kwamba nilitunga. Kwamba hakuna leso, hakuna mkokoteni, na mti niliuchagua siku ile ile. Nilikuwa nalia mpaka kamasi inatoka. Nilingoja wanipige. Ningependa wanipige.

Mwanaume mmoja akapaza sauti: "Wamekulipa ngapi?"

Basi! Uwanja ukalipuka. "Amenunuliwa!" "Hana aibu!" "Alishuhudia mbele ya kaburi, leo anageuka!" Nikaapa kwa Mungu, wakazidi kupiga kelele. Nikamwita mchoraji aniunge mkono, akasema ni kweli, alinionya. Wakasema naye amekula rushwa. Hata chifu aliniangalia kama mtu anayenuka. Wageni wote niliowasimulia ule uwongo waliuamini bila kuuliza swali. Ukweli niliusema siku hiyo kwa mara ya kwanza, ukatemewa mate.

Ni mama peke yake aliyenyanyuka. Alikuja akanifuta uso na ncha ya leso yake. Akawaambia watu, "Msimtukane. Hawa wenye machimbo wana pesa, wamemtisha huyu mtoto. Mimi nimemsamehe."

Nimesamehewa kosa ambalo sikufanya! Lile nililofanya liko pale pale, na hakuna mtu wa kunisamehe kwa sababu hakuna anayeamini kwamba nililifanya.

Siku hizi sitembezi mtu. Ukuta una mtembezaji mwingine, kijana, na nimesikia anasimulia ile ya leso vizuri kuliko mimi. Nilimwomba aache. Akaniambia, "Dada, nenda kalale, sisi tunajua wamekufanya nini."

Mashine zimechimba pande zote. Mgunga umebaki juu ya kipande cha ardhi kilichosimama peke yake, na ukingo wake unamomonyoka kila mvua ikinyesha. Mama anashinda hapo juu. Wafanyakazi wenyewe wanaogopa, wanamwambia, shosho, bibi yetu, hapa patakuangusha. Anajibu kwamba hawezi kumwacha peke yake mara ya pili. Nimeenda kwa polisi, wakanicheka. Nimeenda kwa katekista, akaniambia nitubu ile rushwa.

Kwa hiyo wewe unayesoma, wewe unayepewa nafasi ya kuongea mbele ya watu, mwalimu, mhubiri, mtembezaji, hata kama ni matangani tu: ukiulizwa jambo na hujui, sema hujui. Waache wachoke, waangalie simu, waulize choo kiko wapi. Usiwatungie mwisho. Huyo unayemsimulia ana mama mahali, na simu iko mkononi mwa kila mtu.

Mimi kila asubuhi nampandishia chai na mkate, natambaa kwa mikono na magoti kwa sababu njia imebaki nyembamba. Na kila asubuhi namwambia, mwaitu, hapa hakuna mtu, nilidanganya, shuka tafadhali. Jana alinisogezea nafasi niketi, akanipa nusu ya mkate.

"Siku moja hofu itakutoka," akasema, "na utasema ukweli. Mimi nitakungoja. Nimezoea kungoja."