Aliyetufundisha Besiboli Jebel Ali

Ipo Ijumaa moja ambayo hainitoki akilini, mwanangu, na kwa kuwa umeniuliza Fausta aliyeandikwa kwenye kibao cha uwanjani ni nani, keti nikusimulie. Si hadithi ya kunipamba.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, nimetoka Bungoma, mlinzi wa ghala hapa Jebel Ali, huku Uarabuni. Fausta alikuwa Mtanzania wa Dodoma, mfanya usafi wa ghala hilohilo, mwanamke mfupi mwenye sauti kama ya mwalimu. Besiboli alifundishwa shuleni kwao na mwalimu mmoja mgeni. Sisi wengine hata jina la mchezo hatukulijua. Yeye ndiye aliyetutoa vitandani Ijumaa asubuhi, akajaza mchanga kwenye magunia manne yawe vituo vya kukimbilia, akatuonyesha namna ya kushika gongo la kupigia mpira na kusoma mkono wa anayerusha mpira.

"Yalla, kaka zangu, kimbieni! Mnasubiri kubebwa?"

Tulicheka, tukakimbia. Unajua upweke wa kambi ya wafanyakazi ulivyo. Mchezo ule ulitupa siku ya kuingojea.

Mwaka wa pili mwandishi wa gazeti akaja kututazama. Ijumaa hiyo Fausta alikuwa kwenye zamu ya kazi. Mwandishi akauliza, "Nani aliuanzisha mchezo huu hapa?" Gongo lilikuwa mkononi mwangu. Wenzangu wakanitazama, wakitarajia nimtaje. Nikasema, "Ni mimi."

Akanipiga picha.

Gazeti lilipobandikwa kantini, Fausta alilisoma lote akiwa ameshika ndoo yake. Nilitamani anitukane. Akasema tu, "Kaka Wafula, picha imetoka vizuri." Ijumaa iliyofuata alikuja kuturushia mipira kama kawaida, na mimi sikuweza kuupiga hata mmoja. Mkataba wake ukaisha, akarudi kwao, nami sikuwa nimefungua kinywa.

Miaka ikapita. Timu zikawa nyingi, nikazeeka nikiitwa mwanzilishi. Mwaka jana kamati ya timu hizo ikaamua kuweka kibao chenye jina langu. Nilipoambiwa, mwanangu, niliondoka kumtafuta Fausta. Nikazunguka kwa Watanzania wa mtaa wa Al Rigga, wa saluni na wa mahoteli, mpaka nikapata namba yake.

"Dada Fausta, ni Wafula wa Jebel Ali. Nilichukua heshima yako."

Akajibu, "Najua, kaka. Niliumia sana. Nilikuwa nasubiri uniambie wewe mwenyewe."

Kamati haikufurahi. Katibu akaniambia, "Mzee, khalas, yamekwisha, tumeshatangaza. Na huyo mama hatuna hata picha yake moja."

"Hamna kwa sababu mimi nilisimama mahali pake," nikamjibu.

Nikawaleta wachezaji watatu wa zamani waliobaki mjini, kila mmoja akaeleza alivyofundishwa na Fausta. Kisha nikakiri uongo wangu mbele ya wote. Wapo ambao hawajanisalimia tangu siku hiyo, na siwalaumu. Jina likabadilishwa.

Siku ya kufunua kibao tulimpigia simu ya video. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, nywele zimekuwa nyeupe. Akalitazama jina lake, akafuta macho, halafu akauliza, "Na wasichana wanacheza?"

Tukamwambia ukweli. Hakukuwa na hata mmoja. Ndiyo maana nilikuja kutangaza kanisani kwenu, na ndiyo maana leo uko hapa na hiyo glavu kubwa kuliko mkono wako.

Basi nisikilize. Ukiulizwa nani alifanya jambo, mtaje aliyelifanya, na umtaje zaidi akiwa hayupo. Ukiwa umemkosea mtu, usingoje siku nzuri ya kumwambia. Mimi niliingoja zaidi ya miaka ishirini, haikuja. Na jambo ukilifanya wewe, usione haya kusema ni lako. Fausta alininyamazia kwa upole wake, nami nikaugeuza upole huo kuwa maficho yangu. Wewe usimfichie mtu kosa lake hivyo.

Mungu akupe mikono imara na usingizi mtamu. Akuepushe na kuchukua sifa za wenzako, na zilizo zako zikufikie ungali na macho ya kuzisoma. Nenda sasa, mwanangu, ni zamu yako kupiga.