Masale ya Baba Mkwe

Binti yangu Secilia aliingia chuo kidogo cha kilimo hapa Lushoto mwaka 1991, mwaka mmoja baada ya baba yake kufariki. Serikali ilikuwa haiajiri tena kila mhitimu, lakini Bwana Rajabu, aliyefungua duka la mbegu mjini, aliahidi kumchukua akileta cheti.

Kupata cheti kulimtaka achimbe matuta ya kuzuia mmomonyoko kwenye shamba la kwao, mkufunzi aje ayakague. Shamba letu la Gare ni mteremko mtupu. Secilia alipima kwa kipimo chake cha fito tatu na jiwe la kuning'inia, akafuata usawa kama alivyofundishwa. Usawa ukayakata masale, mimea ya mpaka aliyoipanda baba mkwe wangu kati yetu na shemeji yangu Sefania, mwenye shamba la chini. Secilia akayang'oa kumi na moja, akayapanda upya juu ya tuta.

Sefania alikuja asubuhi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Siku hizi chuoni mnafundishwa kuhamisha mipaka?"

"Hakuna kilichopungua. Kule nimekuachia hatua mbili, huku nimechukua mbili."

"Aliyeyapanda yuko kaburini. Ulimuuliza?" Akanigeukia. "Shemeji, watu watasema kaka alipokufa, mjane wake alianza kula ardhi."

Nimefundisha shule miaka ishirini, na nyumba yetu haijawahi kutajwa kwa wizi. Nikamwambia Secilia ayarudishe masale siku ileile.

"Mama, mkufunzi anakuja Alhamisi. Nikiyarudisha, matuta yanakatika."

"Yakatike."

Aliyarudisha masale na kufukia matuta yalipoyakata, peke yake, hakutaka kusaidiwa. Alhamisi mkufunzi alitazama, akaandika, akaondoka bila kunywa chai. Cheti hakikutoka. Bwana Rajabu akamchukua kijana wa Korogwe.

Masika iliyofuata maji yalishuka kutoka kwetu yakazoa mahindi ya Sefania. Alikuja kofia mkononi.

"Secilia mwanangu, kile kipimo bado unacho? Njoo unipimie."

"Sina cheti, baba mdogo."

"Nani kakuuliza cheti?"

Secilia alinitazama. Nikaendelea kuchambua maharage. Akakitoa kipimo nyuma ya jiko, kamba yake imeliwa na panya, akafunga nyingine, akateremka.

Alipima mpaka jioni. Kila mstari ulipofika kwenye masale, aliukatisha hapo, ingawa alijua kwamba maji yatapita hapohapo.